Sekunde ya Kumi na Tisa

Mteja akikuambia mashine yake haijaanguka hata siku moja, anza kwa kutafuta ufa. Miaka ishirini na sita nimefungua kompyuta za watu hapa Mfaranyaki, mjini Songea, na sijawahi kuletewa hata moja iliyoanguka. Zote huharibika zenyewe, zimetulia mezani, mwenyewe akiwa kanisani.

Otmar Komba aliingia dukani Jumatano saa mbili asubuhi, koti amelifunga mpaka kidevuni na glavu mikononi kwa baridi ya Juni, kompyuta yake ya gemu ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imeanguka?"

"Haijaanguka hata siku moja."

"Nilijua. Weka hapa."

Hakuiweka. Aliendelea kuishika huku akiongea haraka haraka. "Feni inazunguka, nembo inatokea, halafu inazima. Kila nikiwasha. Iflashi tu, fundi. Ifute yote uweke upya. Saa nane tunacheza fainali ya kanda, na bila hii mimi simo."

Hilo lilinikera. Mtu hafiki zahanati akamchagulia daktari sindano. Nilimwambia kuflashi ni kazi ya mwisho, kwanza tujue inaumwa nini.

"Hakuna muda wa kujua."

"Una saa sita, baba. Kaa kwenye kigoda."

Niliifungua tumbo. Nikatoa betri nikapima umeme: mzima. Nikachomoa kadi za kumbukumbu moja moja na kuzijaribu, nikaijaribu diski, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikapaka dawa mpya ya joto juu ya prosesa. Kila kitu kizima. Mashine ilikuwa imetunzwa kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nikarudishia mfuniko, nikabonyeza swichi, nikalaza mikono yangu juu ya kibao.

Mashine zote za gemu sasa hivi zina kibao hicho, ukanda wa bati chini ya kibodi. Ukiwasha, unalaza viganja hapo kwa sekunde ishirini. Kibao kinasoma joto, mapigo na mtetemo wa vidole, kisha gemu linajipanga kwa kasi ya mkono wako, ndiyo maana wachezaji wanakipenda. Ambacho hawakipendi ni kwamba namba za mtetemo zinatumwa moja kwa moja kwenye Daftari la Mikono. Reli, mabasi na vyumba vya upasuaji hulisoma Daftari hilo kabla ya kumkabidhi mtu usukani au kisu. Walioanzisha walikuwa na nia njema, na mimi mwenyewe nikipanda treni nashukuru kwamba lipo.

Mashine ikahesabu mpaka ishirini, ikaandika "Karibu, mgeni", ikawaka vizuri kabisa.

"Kwangu inawaka," nikasema.

Hakuna maneno yanayomuudhi mteja kama hayo. Kwa kawaida ananuna, anadhani unamwona mwongo. Otmar hakununa. Aliogopa, nikamwona kabisa akiogopa.

"Basi iflashi hivyo hivyo."

"Weka mikono yako."

"Ya nini, fundi?"

"Weka."

Akavua glavu polepole. Akalaza viganja, nami nikahesabu kwa sauti. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, na hapo skrini ikawa nyeusi na feni ikakata. Tukarudia. Kumi na tisa. Nikachomeka chaja yangu, nikabadilisha diski, tukarudia tena, ikazima kumi na tisa ile ile.

Joto halina saa, wala umeme mbovu hauna saa. Kadi ikiwa mbaya, mashine huzima leo kwenye sekunde ya tano na kesho kwenye dakika ya kumi. Kitu kinachozima kwenye sekunde ile ile kila mara ni programu iliyofika mahali ikashindwa kuendelea. Nikachukua ufunguo wangu wa leseni, ule ninaouvaa shingoni pamoja na rozari, nikauchomeka ubavuni mwa mashine, nikafungua kumbukumbu za kuwaka.

Nilichokiona kwanza ni jina la mwenye mashine. Halikuwa la Otmar. Liliandikwa Xaveria Komba, na chini yake, mahali pa msajili, liliandikwa Kandida Mapunda. Ndiye mimi.

*

Nilikumbuka siku ile vizuri mno. Miaka miwili nyuma, wiki ya Pasaka, duka limejaa. Otmar alikuwa na miaka ishirini na mbili na kitambulisho chake hakijatoka. Dada yake, Xaveria, alisimama pembeni na sare ya reli, anaangalia saa kwa sababu treni ya Mbamba Bay ilikuwa inamsubiri. Mimi nikasema, "Dada si unacho? Weka kidole chako hapa tumalize." Akaweka, akakimbia kazini.

Ndivyo tunavyoishi. Laini ya bibi imesajiliwa kwa jina la mjukuu, mita ya umeme iko kwa jina la marehemu, pikipiki ya shemeji ina kadi ya jirani, na hakuna anayeona ajabu. Nimesajili mashine za namna hiyo zaidi ya mia. Sheria inakataza, nami nilikuwa naichukulia sheria hiyo kama tangazo la usitupe taka.

Nikaendelea kusoma.

Kuanzia siku ile jina lilikuwa la Xaveria, lakini viganja vilivyolazwa kwenye kibao kila jioni vilikuwa vya Otmar. Kwa miezi kumi na saba namba zilikuwa safi. Mwezi wa kumi na nane mtetemo ukaanza, kwenye kidole cha shahada cha kulia, kidogo tu. Kisha vidole viwili. Kisha mikono yote. Na kila jioni mashine ikatuma namba hizo kwenye Daftari kwa jina la dereva wa treni.

"Otmar, dada yako bado anaendesha?"

Akatazama mlango. "Walimshusha mwezi wa tatu. Sasa hivi anafagia mabehewa."

"Kwa sababu gani?"

"Mikono. Daftari linasema ana ugonjwa wa mishipa. Daktari wa reli alimpima wiki tatu zilizopita akamkuta mzima. Kamati ikasema siku moja nzuri haifuti miezi tisa mibaya, labda alimeza dawa ya kutuliza. Leo saa nne wanakaa kumtoa kwenye orodha ya madereva. Wakishamtoa harudi."

Ukutani saa ilikuwa tatu na dakika tano.

Sasa nikaielewa mashine. Mashine za nyumbani hutuma namba za mtetemo tu, umbo la kiganja linabaki humo humo ndani. Kipimo cha daktari ndicho huja na vyote, nacho Daftari hukishusha kwenye kila mashine yenye jina la mtu huyo. Kiganja halisi cha Xaveria, kilichopimwa wiki tatu zilizopita, kilishuka kwenye kompyuta hii jana usiku tu. Mimi nikilaza mkono, mashine inaniona mgeni, inanikaribisha. Otmar akilaza, kumbukumbu za miaka miwili zinasema huyu ndiye mwenyewe, na kipimo cha daktari kinasema siye. Si mwenyewe, si mgeni. Kwenye sekunde ya kumi na tisa inalinganisha viganja, inakwama, inaanguka.

Na umbo la viganja vya Otmar halipo mahali pengine popote duniani. Mimi siwezi hata kulinakili, ni mtu wa Daftari tu mwenye ufunguo wa kulitoa. Nikiflashi, linapotea, na hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba mikono ile haikuwa ya Xaveria.

"Ulijua," nikamwambia.

Akazikunja glavu zake.

"Nakuuliza wewe, Otmar. Ulijua?"

"Nilijua siku waliyomshusha." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Nilisema nitamwambia Jumapili. Ikapita. Nikasema baada ya nusu fainali. Fundi, mchezaji mwenye alama ya mtetemo haruhusiwi kucheza daraja lolote. Kitu kingine sijui kufanya. Watu wananijua mpaka Njombe kwa hii mikono."

"Na ugonjwa? Unajua ukiwahiwa unatulizwa?"

"Nikienda hospitali, nimeandikwa."

Nilitamani kumzaba kofi na nilitamani kumshika kichwa nimweke begani. Sikufanya hata moja, kwa sababu wakati ule ule nilikuwa nafikiria nafsi yangu. Kumbukumbu zile zilikuwa na jina langu. Zikifika mezani kwa kamati, leseni yangu imekwenda, na kwa umri wangu sipati nyingine. Nikiflashi, napona. Mwenye mali anataka. Ni kubonyeza vitufe viwili.

Nakiri kwamba kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kwanza. Nilikibonyeza. Skrini ikauliza: una uhakika?

*

"Hodi hapa."

Xaveria Komba aliingia na fulana ya njano ya wafagiaji, chaja mkononi. Ni mwanamke mrefu, sauti yake imezoea kushindana na injini.

"Shikamoo, mama. Huyu amesahau chaja yake nyumbani, nikajua atahangaika." Akamtazama mdogo wake. "Unalia nini? Haiponi?"

"Inapona," Otmar akasema upesi. "Fundi ndio anamalizia."

"Basi afadhali. Leo angalau mmoja wetu apate."

Nilimmiminia chai, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akakibana, akakiinua taratibu akikikodolea macho, kama mtu anayebeba kitu cha watu.

"Mbona hivyo?" nikauliza. "Ni cha moto?"

"Hapana, mama. Najihadhari." Akacheka kidogo, bila furaha. "Mimi siioni mikono ikitetemeka. Lakini Daftari haliwezi kusema uongo miezi tisa, au siyo? Siku hizi hata mtoto wangu simbebi nikiwa nimesimama. Nakaa kwanza chini, ndipo naletewa."

Nimetengeneza mashine za watu wengi na nimeharibu chache. Sikuwahi kuharibu mtu. Pale nikamwona niliyemharibu, anakunywa chai yangu kwa woga, na mikono yake imara kuliko meza niliyoegemea. Nikabonyeza "hapana".

"Xaveria, njoo ulaze viganja hapa."

"Fundi!" Otmar akasimama. "Fundi, nakuomba."

"Kaa. Mwanangu, njoo."

Akaja, hajui lolote, akalaza. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. "Karibu, Xaveria." Mashine ikawaka. Nikaizima.

"Sasa mdogo wako."

Otmar alibaki amesimama ukutani. Nilidhani atakimbia, na kusema kweli angekimbia nisingemfuata. Alikuja. Hakumwangalia dada yake. Alilaza viganja vyake, vidole viwili vya kulia vikawa vinagonga bati kwa sauti ndogo isiyokoma, na sote watatu tukaisikiliza mpaka kumi na tisa, skrini ilipozima.

Nikamweleza Xaveria yote. Kidole chake, Pasaka ile, haraka yangu, namba zilizotumwa. Nikasema, "Aliyeanza kosa hili ni mimi." Hakunitazama. Alikuwa anavitazama vidole vya Otmar, ambavyo sasa alikuwa amevificha kwapani.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Mwezi wa kumi."

"Unaumia?"

"Hapana. Usiku kidogo."

Nje muuza maziwa alipita akipiga kengele ya baiskeli. Kisha Xaveria akanigeukia, uso umekauka.

"Ifute."

"Nini?"

"Futa, mama. Mimi tayari nimeshashuka. Watu wameshanizoea na fagio. Huyu akiandikwa leo, hana kitu kingine. Mashine ina jina langu, mimi ndiye mwenyewe, na mimi nasema ifute."

Saa tatu na nusu. Basi nikajikuta nina wenye mali wawili, wote wanataka niflashi, na leseni yangu nayo inataka niflashi, na mtu pekee anayekataa ni mwanamke mzee mwenye bisibisi ambaye ndiye alileta balaa lenyewe. Nikamwambia Xaveria kwamba siwezi. Nikamwambia kwamba mdogo wake anahitaji daktari na si fainali. Akanijibu kwa ukali kwamba huruma yangu imechelewa miaka miwili. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Otmar ndiye aliyefunga mfuniko. Akaichomoa mashine kwenye chaja, akaikumbatia kifuani vile vile alivyoingia nayo.

"Dada, kikao kiko jengo gani?"

"Otmar, usinitanie."

"Jengo gani?"

Hakumwambia. Lakini stesheni ya Songea haina majengo mengi, na yeye alikuwa ameshatoka nje.

*

Kamati ilikuwa na watu watatu na meza ndefu. Mwenyekiti, Mzee Ngonyani, alikuwa mtu wa taratibu. Alitaka kujua kwanza sisi ni nani na nani ametualika. Nilivua ufunguo wangu shingoni nikauweka mbele yake, nikasema mimi ni msajili mwenye leseni na nimekuja kushtaki usajili wangu mwenyewe. Hilo lilimnyamazisha.

"Tuonyesheni," akasema.

Xaveria alilaza viganja. Mashine ikawaka. Mwanamke aliyekaa kushoto, ambaye ndiye mtu wa Daftari, akaandika.

Otmar akalaza vyake. Chumba kizima kikahesabu bila kutaka, midomo inacheza. Kumi na tisa. Giza.

"Rudia," Mzee Ngonyani akasema.

Akarudia. Kumi na tisa.

"Inaweza kuwa betri. Rudia."

"Mzee, betri nimepima," nikasema.

"Nimesema arudie."

Mara ya tatu mikono ilikuwa imechoka, nayo ilimsaliti mbele ya wote. Viganja vilitetemeka mpaka kalamu iliyokuwa mezani ikaanza kubingirika, na Mzee Ngonyani akaikamata kabla haijaanguka. Otmar hakuondoa mikono. Alisubiri kumi na tisa yake wima, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na skrini ilipozima alisema, "Ni yangu. Miezi yote tisa ni yangu. Dada yangu hana kitu."

Xaveria ndiye aliyelia, kwa sauti, mbele ya wakubwa wake, bila kujifunika uso.

Mtu wa Daftari alichomeka ufunguo wake, akahamisha namba zote kutoka jina hadi jina. Ilichukua dakika tatu. Kisha akavuta ufunguo wangu upande wake wa meza, akaukata kichwa kwa koleo dogo, na kunipa mpaka saa kumi na moja jioni nifunge duka.

*

Saa tisa alasiri nilikuwa napanga bisibisi kwenye boksi walipokuja wote wawili. Timu ilikuwa imeshacheza na mtu wa akiba, imefungwa. Jumatatu Otmar anaanza hospitali, na Jumatatu hiyo hiyo Xaveria anarudi kwenye injini. Hakuwa amenisamehe. Alinisalimia nusu, akakaa. Nikamwekea chai, naye akaichukua kwa mkono mmoja, mwingine anatafuta simu mfukoni, na nadhani hakugundua.

"Fundi," Otmar akasema, "sasa inaweza kufutwa?"

"Sasa inaweza."

Niliiflashi kwa mkono, bila ufunguo, kwa diski ya zamani, kazi ya dakika arobaini. Ilipouliza jina la mwenye mashine, nilimgeuzia. Akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akaweka kidole chake mwenyewe. Ilipoonyesha kibao, alisita.

"Haitanipangia kasi ya zamani."

"Haitakupangia. Itapanga ya mkono ulionao."

"Itakuwa polepole."

"Itakuwa polepole, ndiyo."

Akavua glavu, akalaza viganja. Vidole vikaanza kugonga bati. Xaveria akaweka kikombe chini, akasogea, na sote watatu tukahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Ishirini.